Jina la Mgeni Asiyekaa

Sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na aliye mbele apunguze kichwa. Hadithi hii nitaibeba mimi hadi mlangoni, kisha nitaitua, na kuiingiza ndani itakuwa kazi yenu. Haina sungura wala fisi. Ina kilima, ina chungu, ina watu watatu na mama mmoja.

Hao watatu kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Siwatu binti Makame, mtu wa pwani, na kipaji chake kilikuwa masikio. Chuoni alisomea mambo ya kale, lakini masikio hakuyapata chuoni. Alipozaliwa, mama yake alikuwa amekwisha kuzika wanne. Huyu wa tano wakamwita Siwatu, ili kifo kikichungulia dirishani kiambiwe kwamba humu hamna mtu, pita zako. Anayekulia katika nyumba ya namna hiyo hujifunza kusikia. Husikia pumzi, husikia bawaba ya mlango, husikia hata neno lililomezwa kabla halijatamkwa.

Wa pili ni Gwakisa, na kipaji chake kilikuwa macho. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitembea juu ya milima ya watu, akitafuta yaliyoachwa na waliotangulia, kabla mashine hazijafika. Alipenda kusema kwamba ardhi ni kama nguo: palipochanika na kushonwa huonekana tu, hata mshonaji awe fundi wa namna gani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa amemkataza jua kali. La kulia liliona kwa niaba ya mawili.

Wa tatu ni Ansgari, mrina asali kutoka ng'ambo ya mlima, na kipaji chake kilikuwa miguu. Miguu yenyewe ilikuwa matege, ukimwona njiani utadhani amempanda punda asiyeonekana. Lakini akishika jabali, nyani walikaa kitako wakamtazama wajifunze. Kichwani hakuvua kofia yake ya ngozi ya mbuzi, iliyonuka moshi na nta.

Watu wa ng'ambo na watu wa Lyandala ni watani tangu zamani. Hutukanana sokoni bila kukasirikiana, hunyang'anyana kuku bila kushtakiana, na mmoja akifa, mtani wake ndiye huchimba kaburi na kuwachekesha waliao.

Na mama? Mama ni Otilia wa Lyandala, mpishi wa kambi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Alikuwa mjane. Mtoto hakuwa naye, na kijijini hakuna aliyewahi kumsikia akilisema hilo.

Basi kilima chenyewe kinaitwa Kwa Wageni. Tuseme kilikuwa kinaitwa. Kilisimama juu ya Lyandala, katika milima ile ya kusini inayotazama Ziwa Nyasa. Kilikuwa cheusi, chenye miiba na makorongo, na upande wa kaskazini kilikatika ghafla kuwa jabali. Ndani yake kulikuwa na chuma. Kampuni ilikuwa imekwisha kupewa kibali, na baruti ya kwanza ilipangiwa Jumamosi, saa sita mchana.

Lakini sheria inataka ardhi itembelewe mara ya mwisho kabla haijachimbwa. Kikionekana kitu cha kale, kiandikwe. Likionekana kaburi, lihamishwe. Kisichoonekana kitaingia kwenye kinu cha kusagia mawe pamoja na mawe. Siwatu, Gwakisa na Ansgari wakapewa siku nane, Ijumaa hadi Ijumaa.

Nasema mara ya mwisho kwa sababu mara ya kwanza ilikuwapo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Gwakisa huyu huyu alikipita kilima akiwa na fomu mkononi. Aliwauliza wanaume wa Lyandala kama kulikuwa na makaburi. Wakajibu kwamba hakuna, na hawakusema uongo. Akauliza kwa nini pakaitwa Kwa Wageni. Wakasema jina wamelikuta, huenda zamani walipita watu wa misafara wakalala hapo. Gwakisa akainama, akaokota korongoni vigae vya vyungu vyenye masizi ya kupikia. Jina la wageni, masizi ya chakula: akaona jambo limekamilika. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka: Kambi ya wasafiri wa zamani. Makaburi: hakuna. Umuhimu: mdogo.

Kwa maneno hayo kibali kilitoka.

Siku nne za mwanzo walitembea. Walitembea kwa mistari, hatua kumi kati ya mtu na mtu, wakichomeka vibendera vyekundu mahali penye kitu. Vibendera vilikuwa vichache, na chini ya kila kimoja palikuwa na kigae kile kile, chenye masizi yale yale. Miiba iliwachana. Mawe yaliwateleza. Jioni walirudi kambini, na Ansgari akaanza kazi yake ya pili, ambayo ni kumchokoza Otilia. Alidai kwamba uji wa Lyandala ni mzito kiasi kwamba kwao ng'ambo wangeujengea nyumba. Otilia akamwambia kwamba mtu aliyezoea kugombea chakula na nyuki hawezi kuujua uji wa binadamu. Gwakisa alicheka hadi akavua miwani. Siwatu alicheka pia, lakini aliona kitu. Otilia alipopika aliugeuzia mgongo mlima. Jiko lingekuwa na nafuu ya upepo kama lingegeuzwa, ila yeye hakuligeuza.

Siku ya tano, Jumanne, Siwatu aliamka na homa akabaki kambini. Alikaa karibu na jiko akichambua maharage. Otilia akamwuliza, kama mtu aulizaye habari za mvua, mashine zile zitafanya nini hasa. Siwatu akamweleza. Jabali litapasuliwa kwa baruti, mawe yatapakiwa kwenye malori, yataingia kwenye kinu, yatatoka unga, na unga utapelekwa bandarini kwenda nchi za mbali.

"Na wageni je?" Otilia akauliza. "Wao watapelekwa wapi?"

Siwatu alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema kwamba wageni walikwenda zao zamani, ile ilikuwa kambi tu. Lakini akalisikia neno lenyewe. Kwao pwani, mwanamke akijifungua, majirani huambiana kwamba nyumba fulani imepata mgeni. Alikuwa amelisikia neno hilo tangu utoto, siku zote katika sauti ya furaha. Sasa alilisikia katika sauti nyingine.

"Mama," akasema polepole, "ni wageni gani?"

Otilia alikoroga uji ambao ulikuwa umekwisha kuiva.

"Ambao hawakukaa," akasema.

Kisha akasema mengine, kidogo kidogo, macho yakiwa chunguni. Lyandala, mtoto akiondoka kabla hajapewa jina, haisemwi kwamba amekufa. Husemwa amerudi. Hakufa, basi si maiti. Si maiti, basi hana kaburi. Hana kaburi, basi mwanaume akiulizwa hujibu kwamba hakuna, naye hasemi uongo. Wanawake humlaza katika chungu kile kile kilichompikia mama uji wa uzazi, maana uji huo hauna tena wa kunyonyeshwa. Hutoboa kitako cha chungu ili mgeni apate njia. Mkunga humchukua akampeleka mlimani. Mama haendi, haulizi, halii.

Otilia alikuwa amempata mmoja, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Huyo huyo mmoja. Hakuambiwa hata kama alikuwa wa kike au wa kiume. Alichokijua ni chungu, kwa sababu alikifinyanga mwenyewe. Udongo ukiwa bado mbichi alikibonyeza kucha shingoni, kucha tano kwa pambo. Nne zilikaa pamoja. Ya tano ilikwenda kando, kwa kuwa wakati ule ule mgeni alimpiga teke tumboni.

Alipomaliza, alimwomba Siwatu jambo moja: habari hii ni ya wanawake, asimwambie mwanaume yeyote. Siwatu akaahidi.

Usiku ule Siwatu aliipima ahadi yake dhidi ya kinu. Asubuhi aliwaita Gwakisa na Ansgari, akawaambia yote.

Hivyo ndivyo masikio yalivyofanya kazi yake, na msisahau kwamba yalikula ahadi. Habari zilifika kijijini kabla ya saa nne. Wakongwe wa kike wa Lyandala waliacha kwenda kwa Otilia kuomba moto, na yeye alipowasalimu waliangalia miguu yake. Otilia alimpakulia Siwatu uji kama kawaida, ila uso aliugeuzia kule alikokuwa akigeuzia mgongo.

Gwakisa alipoisikia habari hakujitetea. Aliifungua ile fomu ya zamani, akausoma mwandiko wake mwenyewe, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akauliza mahali. Lakini mahali hapakujulikana. Wakunga walikuwa wamekufa, wa mwisho ana miaka kumi na tisa kaburini. Kilichobaki ni msemo mmoja, ambao Otilia aliutoa kwa shida: mgeni hulazwa pasipokauka.

Ilikuwa Agosti. Kilima kilikuwa kikavu kama mfupa wa sokoni. Wanaume wa kijiji waliapa kwamba hakikuwahi kuwa na chemchemi.

Gwakisa akavuka bonde, akakaa juu ya jiwe upande wa pili, akalitazama jabali la kaskazini. Alianza asubuhi ile ile ya Jumatano. Alilitazama jua likipanda, alilitazama jua likiwa utosini, mwanga ukirudi usoni mwake kutoka kwenye mwamba mweusi kama kutoka kwenye sufuria. Siwatu alimpelekea kofia, Gwakisa akaikataa, akasema itamtia kivuli machoni, na kivuli hakitaki. Jua lilipoanza kuinama, akanyoosha mkono. Katikati ya jabali, mahali ambapo mtu yeyote angeona ufa tu, palikuwa na uzi wa kijani, mwembamba kama mshono. Ilikuwa kangaga, majani yale yasiyoota pasipo unyevu. Na chini ya kangaga, juu ya ukingo mwembamba wa mwamba, palikuwa na mawe.

"Yale hayakuanguka," akasema. "Jiwe lililoanguka hulala linavyotaka. Yale yamelazwa."

Njia ya wakunga ilikuwa imeporomoka na mvua za mwaka fulani, ndiyo maana hakuna aliyepaona tena. Vigae vya korongoni ndivyo vilivyoanguka pamoja na njia. Gwakisa aliposhuka kwenye lile jiwe, alijikwaa mara mbili mahali tambarare. Alisema ni uchovu. Tangu siku hiyo hakuweza tena kusoma mwandiko wake, wala wa mtu mwingine.

Hivyo ndivyo macho yalivyofanya kazi yake.

Ikabaki miguu. Alhamisi asubuhi Ansgari alilizunguka jabali, akalikagua kama mtu anayempima mpinzani wa mieleka, akapanda. Kamba ilikuwa moja. Aliifunga kwenye mwamba juu ya ukingo, ncha nyingine akaivaa kiunoni, na mgongoni akaning'iniza kapu lake la asali alilolijaza majani makavu. Alipofika aliondoa jiwe moja, akachungulia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ila mwamba uliichukua ikafika hadi chini:

"Wako wengi. Na wote ni wadogo."

Akaanza kuwashusha. Kila safari chungu kimoja, hakukubali kubeba viwili, alisema hakuna anayebeba wageni kama kuni. Waliokuwa chini walimsikia akiongea nao njiani, akimwambia huyu ashikilie vizuri, akimwambia yule asichungulie chini, akimwomba mwingine radhi kwa harufu ya kapu. Siku ile alishusha ishirini na viwili.

Ijumaa wanawake walikuja. Hakuna aliyewaita. Walijifunika vitenge kichwani, wakasimama chini ya jabali mbali na Otilia, na kila chungu kilipowekwa nyasini walikitazama. Wengi wa wale mama walikwisha kufa zamani. Waliokuwa hai ni sita, Otilia akiwamo. Mmoja aliinama, akagusa mdomo wa chungu chake kwa kidole, akarudi nyuma. Akaja wa pili, akafanya vile vile. Ilipofika saa sita mchana vyungu vilikuwa thelathini na sita, na watano kati ya wale sita walikuwa wamegusa na kurudi nyuma.

Otilia alikuwa hajasogea mahali alipokuwa.

Ansgari alishuka kunywa maji. Alisema kimebaki kimoja, ndani kabisa mwa ukingo, na kina ufa. Mtu wa usalama wa kampuni akaja na kofia yake ngumu, akasema imetosha. Mwamba ulikuwa umetikiswa na utoboaji wa majaribio, alionyesha nyufa mpya kwa kidole, na alisema kweli. Siwatu naye akasema kwa sauti ndogo kwamba thelathini na sita ni wengi, kwamba labda kile cha mwisho si cha Otilia. Ansgari akajifuta mdomo, akamwendea Otilia.

"Wewe mla magimbi," akasema, "chako kina alama gani?"

Otilia alimtazama. Kwa mtani mtu hafichi, hata la wanawake.

"Kucha tano. Nne pamoja, moja kando."

"Nikikuletea utanipa nini?"

"Nitakupa tusi ambalo sijawahi kumpa mtu."

"Hapo sawa," akasema Ansgari. "Haya mnayotupa kila siku tumeyachoka."

Akapanda. Alipofika ukingoni aliingia ndani hadi wakabaki wanaona nyayo zake tu. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo:

"Nne pamoja. Na moja kando."

Otilia akakaa chini.

Lakini ufa ulikuwa umekizunguka chungu nusu, na mgongoni kisingefika. Ansgari alikishika mikononi, akafikiri. Kisha wakamwona akifungua kamba kiunoni. Mtu wa usalama alipiga kelele. Ansgari hakumtazama. Alivua kofia yake ya ngozi, akakiweka chungu ndani yake kama yai katika kiota, akafunga kwa kamba, mafundo manne ya mrina asali, akaanza kukiteremsha polepole, polepole, kamba ikimpita viganjani. Chini Siwatu aliinua mikono. Kofia ikashuka, ikayumba, ikashuka. Ikatua mikononi mwake. Akasikia uzito wake, na ulikuwa mdogo kuliko uzito wa kofia.

Hapo ndipo ukingo ulipovunjika.

Ansgari hakupiga ukelele. Walisikia mawe, kisha vumbi likapanda, na vumbi liliposhuka hapakuwa na la kusikia.

Kampuni iliahirisha baruti hadi Jumatatu. Jumamosi Ansgari alizikwa kwao, ng'ambo ya mlima, na kwa desturi watani wa Lyandala ndio waliochimba kaburi. Kwa desturi pia, mtani mmoja alipaswa kusimama na kumwigiza marehemu ili watu wacheke. Wanaume wa Lyandala walitazamana. Hakuna aliyeweza.

Akasimama Otilia. Alivaa ile kofia ya ngozi, akapinda miguu ikawa matege, akatembea kuuzunguka udongo mpya akipunga nyuki wasiokuwapo. Akawauliza waombolezaji, kwa sauti ya Ansgari kabisa, nani kati yao ameiba asali yake, maana midomo yao inang'aa. Mjane wa Ansgari alicheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, na wote wakacheka hivyo hivyo. Wakongwe wa kike wa Lyandala nao wakacheka, na baada ya hapo waliusogelea moto wa Otilia. Kisha Otilia akavua kofia, akainamia kaburi, akalitoa tusi alilokuwa amemwahidi.

"Mwizi wewe," akasema. "Umeniletea mgeni nyumbani, ukaondoka bila kunywa uji."

Hilo ndilo lililokuwa tusi.

Jumatatu, saa sita mchana, kilima kilianza kuondoka. Vyungu thelathini na saba vilikuwa vimekwisha kuzikwa upya kando ya kijito cha Lyandala, mahali pasipokauka. Mchonga mawe akaletwa na mawe mafupi, moja kwa kila chungu. Wale mama watano wakasema ya kwao yabaki bila maandishi, ndivyo ilivyokuwa siku zote, na wasio na mama walio hai nao wakaachwa hivyo. Otilia alikataa. Alisema yeye hakuwa na mwingine wa kumwita. Anataka kumwita huyu.

Sasa sikilizeni desturi, maana fundo liko hapa. Lyandala mtoto hupewa jina la mpokezi wake, yule aliyempokea kwanza alipofika. Jina moja. Hapewi mawili wala matatu, maana aitwaye na wengi hajui aitike wapi. Na kama ni jina la kike au la kiume, Otilia alisema wamwachie yeye na mwanawe, watalizoea. Mgeni wake, alisema, amefika mara ya pili, na safari hii amepokelewa. Aandikwe jina la aliyempokea.

Wanawake wakakaa kando ya kijito kuamua.

Mmoja akasema ni Siwatu. Kama si masikio yake wote wangekuwa unga melini. Yeye alimsikia mgeni akiwa bado neno tu, na mikono yake ndiyo iliyomdaka. Mwingine akamjibu kwamba Siwatu aliahidi na akavunja, na jina la mvunja ahadi ni mzigo kwa mtoto. Siwatu mwenyewe aliposikia akasema jina lake halifai. Alipewa ili kudanganya kifo, na huyu kifo kilikwisha kumwona. Otilia akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Au ndilo alilokosa," akasema.

Wa pili akasema ni Gwakisa. Alimwona kabla ya mtu yeyote, na alimwona kwa jicho alilolilipa. Mtu anakupa nuru yake ya mwisho, nawe unamnyima jina? Wakamkumbusha kwamba kalamu ya Gwakisa ndiyo iliyoleta baruti. Gwakisa akaitoa ile fomu mfukoni, akawapa ingawa hakuweza tena kuisoma, akaomba wasimwandike. Alisema mkono wake umekwisha kumwandika mtoto huyu mara moja, ukaandika hakuna. Yule mwanamke akasema ndiyo sababu: aliyekufuta ndiye anayedaiwa kukuandika.

Wa tatu akasema ni Ansgari, na hakueleza kwa nini, kwa sababu wote waliijua ile kamba. Kisha mkongwe mmoja akasema kwa upole kwamba jina la mtani ni utani. Mtoto akiitwa Ansgari, kila atakayepita kijitoni atatabasamu, na huyu amengoja miaka thelathini na mmoja aliliwe walau mara moja. Tena Ansgari ana wana wake ng'ambo, wana haki ya jina la baba yao. Mjane wake alikuwapo. Akasema hajui. Akasema mumewe angelitaka, halafu angelicheka.

Siwatu alimsikia wa kwanza. Gwakisa alimwona wa kwanza. Ansgari alimgusa wa kwanza. Mmoja angekosekana, wengine wawili wangekuwa watu waliotembea bure juu ya kilima.

Wanawake walikaa hadi vivuli vikawa virefu, wakaondoka bila kuamua. Mchonga mawe ameacha tindo lake juu ya jiwe, amesema ataitwa. Kila asubuhi Otilia anakuja na kikombe cha uji, anakiweka hapo, anakaa. Anafungua mdomo kumwita mwanawe, na hana la kumwita.

Nami nimefika mlangoni. Naitua hapa, ni nzito, ishikeni vizuri, ina ufa. Wewe uliye mbele, na wewe uliye nyuma, kesho asubuhi uji utakuwa wa moto na jiwe bado ni tupu.

Tindo liko mkononi mwako. Je, ungemwita nani?